Kumrudi Mtu wa Jeuri

Someni: Kumbukumbu la Torati 25:1-3, Hesabu 35:9-34, Matendo ya Mitume 7:54 hadi 9:31, Waraka kwa Filemoni.



Liko jambo moja linalozungumzwa sana barazani, sokoni, na hata chini ya mwembe nje ya kanisa baada ya ibada, lakini hatulisikii mara nyingi mimbarini. Mtu aliyeua, mtu aliyeingia nyumba ya watu usiku na panga, mtu aliyemharibu mtoto wa jirani, afanywe nini? Wengine wetu twasema apewe adhabu mpaka ajute kuzaliwa. Wengine twasema afundishwe, arekebishwe, apate kuwa mtu tena. Nasi hubishana hivyo kana kwamba mtu huyo atakaa gerezani siku zote, na kwamba kazi yote ni ya serikali. Lakini wafungwa walio wengi hutoka. Siku moja mtu hushuka basi pale barabarani na kifurushi chake, hutazama huku na huku, kisha hushika njia ya kwao. Katika njia hiyo hiyo huenda akapita mlango wa watu aliowajeruhi. Somo letu la mwezi huu lahusu saa hiyo, kwa maana twaona ndiyo saa ambayo kanisa halijajiandaa.

Sisi wa Mikese hatuwezi kusema kwamba mambo haya yako mbali. Ukitoka hapa kwenda Morogoro mjini wapita Kingolwira. Vijana hulijua jina hilo kwa sababu ya gereza la wanawake lililoko huko, lakini wengi hawajui ya kuwa mahali hapo pana historia yake. Katika miaka ya 1930, Waingereza walipokuwa wakitawala Tanganyika, walianzisha pale shamba la wafungwa lililokuwa tofauti na jela za bomani. Walipelekwa hasa watu waliofungwa kwa mara ya kwanza, ili wasichanganywe na wahalifu waliokubuhu. Hapakuwa na ukuta wa kuwazuia. Walilima, na wazo lilikuwa kwamba mtu akiaminiwa kidogo na kupewa kazi ya maana atatoka akiwa bora kuliko alivyoingia. Tusiusifu mno utawala ule. Siku zile jela nyingi zilijaa watu walioshindwa kulipa kodi, na ni ajabu kumfunga mtu kwa shilingi chache kisha kujisifu kwamba unamfundisha kulima, mtu aliyezaliwa akilijua jembe. Hata hivyo ni vema tukumbuke ya kuwa ubishi huu wa adhabu na marekebisho si kitu kilicholetwa juzi na redio. Ulikwisha kufanyiwa majaribio katika udongo wetu wenyewe, na wazee wetu waliona.

Sisi tuliofundisha Kiswahili darasani kwa miaka mingi, na baadaye kuwafundisha walimu wenyewe chuoni, tumependa sikuzote neno "kurudi". Mtoto akikosa, mzazi humrudi, yaani humkanya na kumwadhibu ili ashike adabu. Na mtu akisafiri, hurudi nyumbani. Neno ni moja. Anayemrudi mwanawe hataki apotee. Ataka arejee mahali pake. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika mlango wa 12, aeleza habari za kurudiwa na Bwana kwa maana iyo hiyo, kwamba hurudiwa yule aliye mwana. Neno "gereza" nalo lina kisa chake. Wataalamu wa lugha husema lilitoka kwa Wareno, na kwao maana yake ilikuwa kanisa, kwa sababu ndani ya ngome zao za pwani walijenga kanisa, na watu wa pwani wakaliita jengo lote kwa jina hilo. Hivi, ndugu, kila tunaposema gereza twasema kanisa bila kujua. Twawaachia wenye kupenda mafumbo walifikiri hilo.

Sasa tuitazame sheria ya nchi, maana Mkristo hawezi kujadili adhabu kwa kubahatisha. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Kwa makosa kama wizi wa mali ya umma, rushwa, wizi wa mifugo na unyang'anyi, hakimu hakuwa na hiari kubwa: mtu alikwenda jela na kuchapwa viboko 24, 12 akiingia na 12 akikaribia kutoka. Fikirini hivyo viboko 12 vya mwisho. Mtu amekwisha kutumikia kifungo chake, anarudi kwa mkewe na watoto, na serikali yamtoa akiwa na majeraha mabichi mgongoni au matakoni. Hapo alikuwa akirudiwa, au alikuwa akifukuzwa? Mwaka 1972 sheria mpya iliviondoa viboko hivyo. Mwaka 1989 vikarudishwa kwa baadhi ya makosa. Kiboko kiliingia, kikatoka, kikaingia tena, na nyakati zote tatu watu waliendelea kufunga milango yao kwa komeo.

Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu chataja kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa kubaka, tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ni miaka 30 pia, na ikiwa aliyetendewa ni mtoto wa kike wa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Hatusemi kwamba vifungo hivyo ni virefu mno. Aliyepigwa panga hubaki na kovu zaidi ya miaka 30. Lakini tufanye hesabu kama darasani. Kijana wa miaka 22 aliyehukumiwa miaka 30 hutoka akiwa mtu mzima sana, hata akipunguziwa muda kwa tabia njema. Wazazi wamekwisha kufa, shamba limegawanywa, simu ya mkononi aliyoiacha na ile aliyoikuta ni vitu viwili tofauti. Kama katika miaka hiyo yote hakujifunza neno lolote isipokuwa kuhesabiwa asubuhi na jioni, tumemweka ghalani tu, kisha tumemfungulia.

Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 ilikusudiwa kusaidia jambo hilo: mfungwa mwenye mwenendo mwema aliyekwisha kutumikia sehemu ya kifungo akamilishe sehemu iliyobaki kijijini, chini ya uangalizi. Lakini sheria hiyo ilipotungwa iliwaacha nje waliofungwa maisha na waliofungwa kwa unyang'anyi wa silaha. Twaelewa kwa nini. Wabunge waliogopa, na wananchi waliwatuma waogope. Matokeo yake ni kwamba aliyeiba kwa hila huweza kurudishwa polepole akiangaliwa, na yule wa jeuri, ambaye ndiye tunayemhofia zaidi, hutoka siku moja tu, mzima mzima, bila mtu wa kumwangalia. Kwa maoni yetu mambo yamepinduliwa hapo. Kifungo cha huduma kwa jamii, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, nacho ni kwa makosa madogo, hatuna haja ya kukieleza leo.

Kuhusu adhabu ya kifo, aliyeua kwa kukusudia huhukumiwa kunyongwa, lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitoa hukumu kwamba adhabu hiyo yapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikasema yaruhusiwa. Hivyo watu wameishi miaka mingi wakingojea kitanzi ambacho hakiji. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza kwamba kunyongwa kusiwe ndiyo adhabu pekee kwa kosa la mauaji. Twaona tume ilisema vema, maana mke aliyepigwa miaka 10 na siku moja akashika mchi hawezi kuwa sawa na jambazi aliyekodiwa. Wenzetu wa Uganda walikwisha kufika hapo mwaka 2009, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi iliyopewa jina la Susan Kigula. Mama huyo alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa mauaji. Akiwa Luzira alisomea sheria kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, akawa anawasaidia wafungwa wenzake kuandika rufani, na mwaka 2016 akatoka. Wakenya nao waliamua vivyo hivyo mwaka 2017.

Liko pia lile hukumu lisilo na hakimu. Mtu apaza sauti "mwizi!", na kabla hujavaa viatu umekwisha kusikia habari ya mawe, tairi na petroli. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba hasira ni jina la ukoo. Kwa miaka mingi mamia ya watu wameuawa hivyo kila mwaka katika nchi yetu, na miongoni mwao wamo waliokuwa hawana kosa lolote. Tutazame Matendo 7 kwa jicho hilo. Stefano aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Walitoka nje ya mji, wakavua mavazi ili mikono iwe huru kurusha mawe, na mavazi yale yakawekwa miguuni pa kijana mmoja aitwaye Sauli.

Maandiko yenyewe hayamlegezei mtu wa jeuri. Asomaye Hesabu 35 ataona miji sita ya makimbilio kwa aliyeua pasipo kukusudia, lakini aliyevizia na kuua kwa chuki hakulindwa na mji wala fidia. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu aliisikia kabla hajamtia Kaini alama ya kumlinda. Utaratibu huo ni wa kuangaliwa. Kwanza kilio cha aliyeuawa, ndipo ulinzi wa aliyeua. Tena katika Kumbukumbu la Torati 25, mtu mwovu aamriwa kuchapwa, lakini viboko vihesabiwe, visizidi 40, na sababu iliyotolewa ni kwamba asije akaonekana mnyonge aliyedharauliwa mbele ya mwenzake. Humo aliyechapwa aitwa ndugu. Hajaacha kuwa ndugu wakati fimbo ingali mkononi mwa mwenye kuchapa. Kumbe wale wanaotaka adhabu na wale wanaotaka marekebisho wote wawili waweza kufungua Biblia wakapata neno, ila hakuna aliyeruhusiwa kufunga kitabu baada ya kupata lake.

Lakini twarudi kwa Sauli, maana hapo ndipo penye kiini cha somo. Tumezoea kuhubiri habari zake kuanzia njia ya Dameski: nuru, sauti, upofu, ubatizo. Twapenda sehemu hiyo kwa sababu yatuhusu kidogo sana. Yote yalitendwa na Bwana. Someni pole pole mlango wa 8, mstari wa 2 na wa 3. Watu watauwa walimzika Stefano wakamfanyia maombolezo makuu. Na mstari unaofuata, Sauli aingia nyumba kwa nyumba, akiwakokota wanaume na wanawake, akiwatia gerezani. Watu hao walikuwa na majina. Walikuwa na watoto waliobaki mlangoni wakilia. Kisha mlango wa 9, mtu yuyo huyo afika Yerusalemu, atafuta kujiunga na wanafunzi. Wote wakamwogopa, hawakusadiki ya kuwa ni mwanafunzi.

Je, walikosa imani? Hatuoni mahali Luka anapowalaumu. Kanisa lililomzika Stefano lilikuwa na haki ya kuogopa. Anania naye kule Dameski alimjibu Bwana waziwazi kwamba amesikia habari za mtu huyu, mabaya mengi aliyowatenda watakatifu. Bwana hakumkemea kwa kukumbuka. Alimtuma, naye alikwenda akikumbuka.

Tuangalie yaliyofuata. Barnaba alimtwaa Sauli, akampeleka kwa mitume, akawaeleza. Mtu mmoja mwenye jina jema katika kanisa aliweka jina lake mahali pa jina bovu. Hakumwacha ajieleze peke yake mlangoni. Tena Sauli hakufika Yerusalemu wiki ile ile. Kwa maneno yake mwenyewe katika Wagalatia 1, ilipita miaka mitatu. Na baada ya siku chache pale mjini, fitina ilipozuka, ndugu walimpeleka Kaisaria wakamtuma aende Tarso, kwao. Kanisa likastarehe. Miaka ikapita kabla Barnaba hajaenda Tarso kumtafuta. Twaona humo busara ambayo wengi wetu hatuna: kumkubali mtu si lazima iwe kumketisha mbele siku ya kwanza.

Na jambo la tatu ndilo zito. Sauli, aliyeitwa Paulo, hakuyaficha aliyoyatenda. Katika Matendo 22, akisimama mbele ya umati, ataja jina la Stefano na kusema alikuwapo, akikubali, akiyalinda mavazi. Miaka mingi ilikuwa imepita. Katika Waraka wa kwanza kwa Timotheo ajiita mtu aliyekuwa na jeuri. Hasemi "nilikuwa na maisha ya zamani", kama tunavyosikia katika ushuhuda mwingi siku hizi, ambapo mtu hueleza wokovu wake kwa nusu saa na usijue ni nani aliyeumizwa, wapi, wala kama alipata kumwomba radhi. Paulo alitaja kosa, akataja na jina la marehemu.

Labda mtasema hayo yalikuwa zamani za mitume. Basi tutazame magharibi mwa nchi yetu. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Rwanda ilikuwa na wafungwa wengi kuliko ambavyo mahakama zake zingeweza kuhukumu katika maisha ya mtu mmoja. Wakaanzisha mabaraza ya gacaca, yaliyoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2012. Watu waliketi majanini katika kijiji chao, waliouawa jamaa zao upande huu na walioua upande ule, na kesi zilizosikilizwa zilikaribia milioni mbili. Mwaka 2007 nchi hiyo ikaifuta adhabu ya kifo, nchi ambayo kama kungekuwa na mahali pa kuidai, pangekuwa hapo. Askofu John Rucyahana wa Kanisa la Anglikana aliongoza kazi ya kuwaendea wafungwa, na mpango wao waliuita kwa jina la mti wa umuvumu, wakimkumbuka Zakayo aliyepanda mti, akashuka, akaahidi kurudisha mara nne. Maelfu waliungama wakiwa gerezani. Vimekuwako vijiji ambamo aliyeua na aliyefiwa walijenga nyumba zao pamoja.

Tusiifanye habari hiyo tamu kupita kiasi. Wako walioungama nusu tu ili wapunguziwe kifungo. Wako mashahidi waliouawa kwa sababu walisema. Wako wajane waliosema wazi kwamba wamechoka kuambiwa wasamehe na watu ambao hawakufiwa. Lakini jambo moja tulipokee kutoka kwa Wanyarwanda: waliona ya kuwa mtu atarudi kwa vyovyote, na kwamba ni afadhali arudi akiwa amekwisha kusema mbele ya watu alichofanya na mwili ulikotupwa, kuliko arudi kimya. Wengi wa waliofiwa walitaka kujua hilo kabla ya kitu kingine chochote. Walitaka kuzika.

Hapa kwetu tulipata kuonjeshwa jambo hili tarehe 9 Desemba 2017, Rais John Magufuli alipotangaza msamaha akiwa Dodoma. Walisamehewa wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Wakasamehewa pia wanamuziki wawili, baba na mwana, Nguza Viking na Johnson Nguza, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu mwaka 2004 kwa makosa dhidi ya watoto. Wao wenyewe walikana sikuzote, nasi hatukai hapa kuwa mahakama juu ya mahakama. Lakini watu walicheza barabarani, nyimbo zao za zamani zikapigwa redioni. Kwa siku nyingi tulizungumza habari za waliotoka. Watoto waliotajwa katika kesi ile, ambao wakati huo walikuwa wamekuwa watu wazima, na wazazi wao, nani alikwenda kuwaona? Msamaha wa Rais ni haki yake kwa mujibu wa Katiba. Lakini hauwezi kufanya kazi ya jirani.

Twafika sasa kwa sisi wenyewe. Tumeona katika mitaa mingi ya makanisa kwamba mtu wa jeuri akirudi, hupokelewa kwa mojawapo ya njia mbili, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ni kumkimbia: watu huvuta benchi, kina mama huita watoto wao, hakuna anayempa kibarua cha kupalilia wala kufyatua matofali, na baada ya miezi sita tukisikia amekamatwa tena Dar es Salaam twasema, "Si tulisema?" Ya pili ni kumshangilia. Jumapili ya tatu amesimama mbele akitoa ushuhuda, ya tano yumo kwayani, na mama ambaye mwanawe aliuawa na mikono ile ameketi benchi la nyuma, akiambiwa apige makofi. Baadaye mama huyo haji tena kanisani, nasi twasema amepoa kiroho. Kati ya njia hizi mbili, ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu huvikwa kanzu ya Injili.

Utaratibu wa Mwanzo 4 ufuatwe. Mara tu inapojulikana kwamba mtu fulani atatoka, padre, au katekista, pamoja na kina mama wawili wa Umoja wa Akina Mama, waende kwanza kwa walioumizwa, kabla hawajaenda kwa aliyeumiza. Wasiende na hotuba ya msamaha. Waende kuwaambia habari, wasije wakamkuta kisimani bila kutarajia. Wawaulize wanaogopa nini. Kama wasema hawataki kuonana naye, hilo liheshimiwe, hata ikibidi ahudhurie ibada nyingine au kanisa la kijiji cha pili. Tuulize pia habari za fidia. Sheria yaipa mahakama uwezo wa kuamuru mkosaji alipe fidia, lakini mfungwa asiye na kitu hulipa nini? Anapotoka na kuanza kupata vibarua, hapo ndipo neno la Zakayo laweza kuanza kuwa na mwili, hata kama ni debe la mahindi kila mavuno kwa yule aliyekatwa mkono na hawezi kulima. Lisifanywe kwa siri wala kwa kulazimishana. Wazee wa pande zote mbili wakae. Waluguru twajua kukaa kikao cha ukoo, tena na watani wakiwapo, na jambo likasemwa likaisha.

Kwa yeye aliyerudi, apewe Barnaba wake. Mtu mmoja, mzee mwenye kuheshimika, wa kumwona kila wiki, kumtafutia kazi, kumwambia ukweli, na kujua anakunywa na nani. Barnaba huyo awe hana undugu na pande zote mbili. Na kama kosa lilikuwa juu ya mtoto, asikabidhiwe watoto kamwe, si shule ya Jumapili, si kwaya ya vijana, si kulinda nyumba ya mtu. Wako watakaosema, "Mbona Mungu amesamehe?" Mungu amesamehe, nasi twashukuru, lakini watoto hawakukabidhiwa kwa Mungu peke yake, wamekabidhiwa na kwetu pia. Mtu aliyetubu kweli ataelewa sharti hilo, hata litamsaidia. Asiyelielewa, hiyo nayo ni habari tuliyohitaji kuijua.

Neno moja juu ya walioko ndani. Nafasi za magereza yote ya Tanzania Bara ni pungufu kidogo ya 30,000, na kuna miaka ambapo waliolala humo walizidi idadi hiyo kwa maelfu, na wengi wao ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Askari magereza hawawezi kumrudi kila mtu katika msongamano huo. Sikukuu za Krismasi kanisa huenda na sabuni na sukari, ni jambo jema. Lakini barua moja ya ukurasa mmoja kila miezi mitatu, kutoka kwa mtu wa kijijini kwao, yenye habari za mvua na nani amefariki, hufanya kazi ambayo sabuni haifanyi. Mtu asiyeandikiwa miaka 15 hana mahali pa kurudi, hata akiwa amejifunza useremala.

Katika ibada za nyumba kwa nyumba za mwezi huu, someni Waraka kwa Filemoni wote. Una mistari 25 tu. Angalieni ya kuwa Paulo hakumbakiza Onesimo kwake ingawa alimhitaji. Alimrudisha kwa mtu aliyekosewa, mwenye waraka mkononi, na ndani ya waraka alitia ahadi ya kulipa deni kwa mkono wake mwenyewe. Kisha kila kikundi kijibu maswali haya, na katibu aandike majibu ayalete kwa padre. Katika kijiji chetu, yuko mtu anayetazamiwa kutoka mwaka huu au mwakani? Walioumizwa naye wanakaa wapi, na nani kati yetu aliwatembelea mara ya mwisho? Ni nani anayeweza kuwa Barnaba, na je, amekwisha kuulizwa?